Telekonveta ya 1.4, ya 2, au ukate picha? Ulinganisho kwa mpiga picha za ndege mwenye lenzi moja ndefu

Maji yakipwa pale Mida Creek, hori la mikoko pwani ya Kenya, ndege huyafuata. Matope yanapanuka, kaa wanatoka mashimoni, na kundi lililokuwa mbele yako linazidi kwenda mbali, nawe umesimama mwisho wa lile daraja la mbao lililoning'inizwa juu ya mikoko. Lenzi ya milimita 300 iliyotosha saa moja iliyopita sasa inakuletea vidoa vyeupe juu ya udongo wa kijivu.

Ni hapo ambapo karibu kila mpiga picha za ndege ninayemjua huanza kuwaza telekonveta, kile kijilenzi kifupi kinachofungwa kati ya kamera na lenzi ili kuongeza urefu wake mara 1.4 au mara 2. Kijana mmoja anayeongoza wageni huko aliniuliza, "Kaka, ninunue ya mbili moja kwa moja nimalize, ama nianze na hiyo ndogo?" Nilimjibu kwa haraka kwa sababu mtumbwi ulikuwa unatungoja, na jibu lile fupi limenisumbua tangu siku hiyo. Anastahili jibu refu zaidi, na wengine wenye swali kama lake pia.

Msimamo wangu ni huu. Kama tundu la mwanga la lenzi yako linafunguka hadi f/4 au pana zaidi (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), nunua ya 1.4 bila wasiwasi. Kama inaishia f/5.6, pima kwanza kamera yako ni ipi. Kama ni zumu inayoishia f/6.3, usinunue yoyote, kata picha, yaani punguza kingo zake baada ya kupiga. Ya 2 inafaa ndege waliotulia na lenzi za f/2.8. Wengi tunaoitumia na lenzi za f/4 tunaipenda kwa wiki mbili, kisha inalala kabatini.

Mlango haupanuki

Lenzi yangu ni Canon EF 300mm f/4L IS. Gawanya 300 kwa 4, unapata milimita 75: huo ndio upana wa mlango ambao mwanga kutoka kwa ndege hupitia. Ukiongeza telekonveta ya 1.4 unapata lenzi ya 420 yenye f/5.6, gawanya tena, ni 75. Ukifunga ya 2 unapata 600 kwa f/8, na bado ni 75. Mwanga ni uleule, ila umetandazwa juu ya eneo kubwa, kama kijiko kilekile cha samli kinapopakwa kwenye chapati kubwa zaidi. Kwa hiyo ya 1.4 inakugharimu stopu moja (kila stopu inayopotea, mwanga unabaki nusu), na ya 2 inakugharimu stopu mbili.

Nimeweka hapa hesabu ya ndege mmoja: mla-kaa, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene (Dromas ardeola), mwenye urefu wa kama sentimita 40, akiwa ubavu kwangu umbali wa mita 40. Kamera ni Canon 7D Mark II ya megapikseli 20. ISO ni kiwango cha kamera cha kuhisi mwanga, na 1/1600 ni kasi ya shata kwa sehemu ya sekunde.

| | Lenzi tupu | Na ya 1.4 | Na ya 2 |
|---|---|---|---|
| Urefu wa lenzi | 300 mm | 420 mm | 600 mm |
| Tundu kubwa kabisa | f/4 | f/5.6 | f/8 |
| ISO kwa 1/1600, jua la asubuhi | 200 | 400 | 800 |
| ISO kwa 1/1000, mawingu mazito | 400 | 800 | 1600 |
| Urefu wa ndege kwenye picha | pikseli 730 hivi | 1,030 hivi | 1,470 hivi |
| Uzito unaoongezeka | – | gramu 225 | gramu 325 |

Safu ya pikseli ndiyo inayowavutia watu, nami sishangai. Kutoka pikseli 730 hadi 1,030 ni tofauti ya picha ya kuweka kwenye simu na picha ya kuchapa kwenye karatasi. Shida ni kwamba jedwali linaonyesha ukubwa wa ndege tu. Halisemi chochote kuhusu jicho lake, kama limekaa kwenye fokasi au la.

Ya 1.4 na ya 2 zikisimama bega kwa bega

Kwenye lenzi nzuri, ya 1.4 inapunguza ukali wa picha kidogo mno. Nimepiga yangeyange mmoja mara nyingi, nikiwa na telekonveta na bila, na kwenye karatasi ya A4 siwezi kusema ipi ni ipi mpaka niangalie taarifa za faili. Ya 2 hujitambulisha yenyewe. Nyuzi za manyoya ya kifuani zinashikana, na kingo nyeupe dhidi ya maji meusi zinapata utando. Ukifunga tundu kidogo, f/8 ikawa f/11, mambo yanakuwa afadhali, lakini sasa umepoteza stopu ya tatu.

Kinachotofautisha zaidi ni otofokasi, yaani kamera kutafuta fokasi yenyewe. Canon wenyewe wameeleza kwamba Extender (ndivyo wanavyoziita telekonveta) za lenzi zao za EF hupunguza makusudi kasi ya mota ya fokasi: kwa nusu ukiwa na ya 1.4, kwa robo tatu ukiwa na ya 2, ili fokasi isiyumbe. Kwa ndege aliyesimama hutajua hata kama imepungua. Kwa ndege anayeruka, utajua.

Jioni moja ya Januari nilikwenda kuwangoja keremkerem wekundu wanaporudi kulala mikokoni. Wanakuja kwa makundi, wekundu kama kitambaa cha hariri, jua likiwa karibu kuzama. Nilikuwa na telekonveta ya 2 niliyoazima. Kila nilipompata mmoja kwenye kitazamio, fokasi ilikwenda nyuma hadi kwenye mikoko, ikarudi polepole, na ndege ameshapita. Nilirudi nyumbani na fremu 140, na nilizoweza kumwonyesha mtu zilikuwa tatu. Kesho yake nilisimama palepale na lenzi tupu, nikakata picha baadaye, nikapata zaidi ya thelathini. Ndege walikuwa wadogo zaidi kwenye fremu, lakini macho yao yalikuwa makali.

Kamera yenyewe nayo ina kauli. Kamera zenye kioo cha ndani kinachopeleka taswira kwenye kitazamio (DSLR) zina mpaka wa f ambao otofokasi haiuvuki. Canon 7D ya kwanza inaishia f/5.6, maana yake lenzi ya f/4 na ya 1.4 inakwenda, na ya 2 haiendi kabisa. 7D Mark II inakubali f/8, lakini kwa pointi ya katikati tu, zile nne za jirani zikisaidia. Nikon D500 ina pointi 15 zinazofanya kazi kwa f/8. Kamera zisizo na kioo, kama Canon R7 au Sony za sasa, zinasoma fokasi kwenye sensa yenyewe, kwa hiyo f/8 na hata f/11 hazizisumbui mchana wa jua. Kama unatumia hizo, ya 2 inakuwa na maana zaidi kuliko ilivyokuwa miaka kumi iliyopita, japo ile mota iliyopunguzwa kasi kwenye lenzi za EF bado ni ileile.

Kwa wenye kamera za kioo nina onyo moja. Telekonveta yangu ilipofika, kwa wiki nzima kila ndege alikuwa mkali shingoni na ukungu jichoni. Nilidhani nimeuziwa mbovu. Kumbe fokasi ilikuwa inatua sentimita mbili tatu nyuma ya pale nilipolenga, kosa ambalo lenzi tupu haikuwa nalo. Kwenye menyu kuna marekebisho madogo ya fokasi, na kamera za Canon zinahifadhi lenzi tupu na lenzi yenye Extender kama vitu viwili tofauti. Niliweka gazeti ukutani, nikapiga, nikarekebisha, tatizo likaisha. Lifanye siku ya kwanza. Kwenye kamera zisizo na kioo hakuna haja hiyo.

Telekonveta au kukata picha

Huu ndio ulinganisho ninaoona watu wanaukosea zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Wengi husema: kukata picha kunaleta chenga, vile vipunje vinavyochafua picha, bora telekonveta. Wengine husema: telekonveta inanilazimisha kupandisha ISO, inaleta chenga, bora kukata. Rudi kwenye ule mlango wa milimita 75. Ukipiga kwa kasi ileile ya shata, mwanga uliotoka kwa ndege yule na kuingia kwenye kamera ni sawa kabisa katika hali zote mbili. Lenzi tupu kwa ISO 400 ukikata, na ya 1.4 kwa ISO 800 bila kukata, zikichapwa kwa ukubwa mmoja zina chenga karibu sawa. Hata ukungu wa mandharinyuma unalingana. Kwa hiyo usichague kwa kuogopa chenga.

Kinachobaki ni pikseli. Picha ya megapikseli 20 ukiikata kwa kiasi cha 1.4 inabaki na kama 10. Ukiikata kwa kiasi cha 2 inabaki na 5. Megapikseli 10 zinatosha kwa mambo mengi, 5 zinaanza kukubana ukitaka kuchapa. Swali ni je, kamera yako ina pikseli ndogo kiasi gani? Kwenye 7D Mark II, telekonveta ya 1.4 inaniongezea michoro ya manyoya ambayo kukata hakunipi. Kwenye R7 ya megapikseli 32.5, yenye sensa ya ukubwa uleule, pikseli ni ndogo zaidi, na kuhamia huko pekee ni kama kufunga telekonveta ya kama 1.27 bila kugusa lenzi. Huko faida ya 1.4 inapungua, na ya 2 kwa f/8 inakuta pikseli ndogo hizo zimeanza kuona ulaini unaoletwa na tundu dogo. Mwenye R7 na lenzi ya f/5.6 anaweza kukata kwa amani.

Lakini kuna jambo moja ambalo kukata hakutalipa kamwe: ndege anapokuwa mkubwa kwenye kitazamio, unaweza kuweka pointi ya fokasi juu ya jicho badala ya bega. Kwa mla-kaa aliyesimama anatafuna, hiyo pekee inanifanya niifunge ya 1.4 kila ninaposhuka Mida.

Na jambo lingine linalotaka uiache mfukoni: ndege huingia kwenye fremu nyembamba kwa shida. Naivasha nilimngoja furukombe ajirushe kutoka kwenye mti mkavu. Umbali wa mita 35, lenzi ya 300 kwenye kamera yangu inaona upana wa mita 2.6. Mabawa yake yakifunguka yanazidi kidogo mita 2, yanaingia. Kwa 420 upana ni mita 1.87, bawa moja linabaki nje. Nina picha nzuri sana ya furukombe asiye na ncha za mabawa, na ninaitunza ili nisisahau.

Msituni

Arabuko-Sokoke iko dakika chache tu kutoka Mida, na ni dunia nyingine. Bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, ana urefu wa sentimita 16 hadi 18 na hulala mchana ndani ya vichaka vilivyosongamana. Kiongozi anatangulia kimyakimya, anakuita kwa mkono, ananyoosha kidole, na kwa muda mrefu huoni ila majani makavu. Kisha majani yale yanakuwa na macho.

Kipimo cha mwanga siku ile kiliniambia 1/60 kwa f/4 na ISO 3200. Kwa ya 1.4 ingekuwa ISO 6400, kwa ya 2 ingekuwa 12800. Bundi alikuwa mita 4 kutoka kwangu na alijaza zaidi ya nusu ya fremu kwa lenzi tupu. Msituni telekonveta haina kazi. Ndege wako karibu, kitu kinachokosekana ni mwanga.

Kwa ndege aitwaye chozi kwenye maua ya bustanini mambo yanageuka tena, na hapa telekonveta ina faida ambayo haisemwi sana. Umbali wa chini wa fokasi haubadiliki. Lenzi yangu inafokasi kuanzia mita 1.5, na telekonveta ikiwepo ni mita 1.5 vilevile, ila chozi amekua mara 1.4. Kwa ndege wa sentimita 10 wenye rangi za kung'aa, hiyo ni zawadi.

Wenye zumu

Zumu za 150-600 za Sigma na Tamron zinaishia f/6.3. Ukiweka ya 1.4 unapata 840 kwa f/9. Kwenye kamera nyingi za kioo fokasi itahangaika au itakataa, na ukali wa lenzi zile kwenye 600 hauna akiba ya kugawa. Usifanye. Canon EF 100-400 toleo la pili inakuwa 560 kwa f/8, na Nikon 200-500 f/5.6 inakuwa 700 kwa f/8. Hizo zinakwenda asubuhi yenye jua, ndege akiwa ametulia. Nikon 500mm f/5.6 PF ni nyepesi na kali kiasi kwamba watu wengi wanaibebesha ya 1.4 bila majuto.

Canon RF 100-500, lenzi ya kamera zao zisizo na kioo, ina sharti ambalo ni bora ulijue kabla ya kulipa: telekonveta inaingia tu zumu ikiwa imefunguliwa kuanzia 300. Unapata 420 hadi 700 kwa ya 1.4, f/10 mwishoni, na huwezi kuirudisha lenzi ikawa fupi ili iingie kwenye begi mpaka uitoe telekonveta kwanza. Sony 200-600 haina kizuizi hicho, inakupa 280 hadi 840, kwa f/9.

Zipo pia lenzi zenye telekonveta ya 1.4 ndani yake, unabonyeza swichi tu: Canon EF 200-400 f/4 ya mwaka 2013, Nikon Z 400mm f/2.8 na 600mm f/4. Bei zake ni za kununulia gari, kwa hiyo napita.

Kabla hujatoa pesa

Usidhani kila telekonveta inaingia kila lenzi. Za Canon zina kioo cha mbele kilichochomoza, kinaingia ndani ya lenzi chache tu zilizotengenezewa nafasi hiyo; kwenye lenzi nyingine kitagonga kioo cha nyuma. Telekonveta za Kenko hazina kioo hicho kilichochomoza, kwa hiyo zinafunga kwenye lenzi nyingi zaidi. Kama umehamia kamera za RF ukiwa na lenzi ya zamani ya EF, mpangilio unaofanya kazi ni lenzi, kisha Extender ya EF, kisha adapta, kisha kamera. Extender ya RF haiingii hapo.

Ukinunua iliyotumika, hasa huku pwani, imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Ukungu wa unyevu (kuvu) huanza kama nyuzi za utando wa buibui kwenye ukingo wa kioo. Ukiuona, rudisha, hata kama bei ni ya kuchekesha, maana unaweza kuupeleka ndani ya lenzi yako nzuri. Na ukiwa nje kwenye upepo, badilisha kamera ikiwa imeelekea chini. Kila kufunga na kufungua ni mlango wa vumbi na chumvi.

Mchana mkali usilaumu kifaa. Kuanzia kama saa nne asubuhi joto linapanda kutoka kwenye matope, hewa inacheza kama iliyo juu ya jiko, na telekonveta inaikuza hewa ile pamoja na ndege. Nimeona watu wakirudisha telekonveta nzima dukani kwa sababu ya picha za saa sita mchana.

Yule kijana ana zumu ya 150-600 na kamera ya kioo. Kwa hiyo jibu langu kwake ni hapana, si ya 2 wala ya 1.4. Akisogea kutoka mita 40 hadi mita 20 amepata ya 2 bila kupoteza stopu hata moja. Ila asiwafuate ndege kwa miguu matopeni, maana wengi wa wale wala-kaa huzaliana pande za Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba, na saa za kula walizonazo ni zile ambazo bahari inawapa; akiwatimua wanazipoteza. Nimemwambia ashuke saa mbili kabla ya maji kujaa, aketi kwenye ukingo wa mikoko ambako jua linakuwa mgongoni, aweke lenzi juu ya mfuko wa mchele, atulie. Maji yanapopanda matope yanapungua, na ndege wanasogezwa hatua kwa hatua kuelekea alipoketi. Wa kwanza kufika huwa ni wale wadogo. Wala-kaa huja mwishoni, wakitembea, kuinama na kutazama, mpaka inabidi arudishe zumu hadi 400.